Upanga upi kwa mpiganaji wa kwanza wa D&D? Ushauri wa mtu aliyechemka

Mkuu, umeuliza mpiganaji wako wa kwanza kwenye Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu), binadamu mwenye Nguvu 16 na Wepesi 12, achukue upanga mrefu na ngao, upanga mkubwa wa mikono miwili, au repia, ule upanga mwembamba wa kuchomea. Naona wengi hapo juu wameshakujibu kwamba 2d6, yaani dadu mbili za pande sita za upanga mkubwa, haina mjadala. Mjadala upo.

Nianze na aibu yangu. Mhusika wangu wa kwanza alikuwa mwizi, nikampa upanga mrefu kwa sababu kitabu cha kanuni cha 2014 kinasema wezi wana ujuzi nao. Ni kweli wanao. Tukaingia pangoni, nikamnyatia goblini kwa nyuma, nikarusha dadu, 19! Nikapiga meza mpaka chai ikamwagika kwenye karatasi ya jirani. DM, yaani mwendesha mchezo, akaniuliza taratibu, "Umeshika silaha gani vile?" Kumbe shambulio la kuvizia linataka silaha ya kulenga kwa mbali, au ile inayokuruhusu kupiga kwa Wepesi badala ya Nguvu: repia, upanga mfupi, kitara, jambia. Upanga mrefu haumo. Ile d6 ya ziada niliyokuwa nimeshaishika mkononi nikairudisha kwenye kopo, goblini akabaki na pointi 2 za uhai, na zamu iliyofuata akanichana.

Kwa hiyo tazama kwanza unapiga kwa sifa ipi, ukubwa wa dadu baadaye. Wewe una Nguvu, basi repia itoe kwenye orodha. Inarusha d8 sawasawa na upanga mrefu, inauzwa dhahabu 25 badala ya 15, na faida yake yote iko kwenye Wepesi ambao huna.

Zimebaki mbili, na hesabu zangu hapa ni za kitabu cha 2014. Upanga mkubwa unatoa wastani wa madhara 7, na ukichagua mtindo wa kupigana wa silaha kubwa, unaorudia dadu za 1 na 2, unafika kama 8.3. Upanga mrefu kwa mkono mmoja ni 4.5, weka mtindo wa mkono mmoja unaoongeza 2, unapata 6.5. Tofauti haifiki 2. Sasa mlete goblini mwenye uhai 7. Kwa upanga mrefu unarusha d8 na kuongeza 5 (3 za Nguvu, 2 za mtindo), yaani pigo likimpata anabaki hai dadu ikionyesha 1 tu. Upanga mkubwa nao unamwacha hai mara chache tu. Kwake yeye mapanga hayo mawili ni kifo kilekile.

Ngao ndiyo inayobadilisha hesabu. Ukivaa deraya ya minyororo kinga yako, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ili akupate, ni 16, na goblini anayeongeza 4 kwenye dadu yake ya pande 20 anakupata kwa namba 9 kati ya 20. Ongeza ngao, kinga 18, anakupata kwa 7. Kwenye ngazi ya kwanza, ambapo una uhai kumi na kitu, namba hizo mbili ndizo zinazoamua kama utalala chini ukisubiri kuhani, mponyaji wa kundi, akukumbuke.

Kuna mtego mmoja. Upanga mrefu ukishikwa kwa mikono miwili unarusha d10, na watu hudhani watakuwa wanaweka ngao na kuichukua kila zamu. Kuivua ni kitendo kizima cha zamu yako, kuivaa tena ni kingine. Isitoshe, ule mtindo wa mkono mmoja unapotea, unashuka kutoka 6.5 hadi 5.5. Unahangaika ili upige pungufu ya mwanzo!

Upanga mkubwa siudharau. Ngazi ya 4, ukichukua kile kipaji cha kanuni za 2014 cha kupunguza 5 kwenye kulenga ili uongeze 10 kwenye pigo, utafurahi. Kama tayari kuna mwenzenu mwenye ngao anayesimama mbele, uchukue hata leo. Ila mhusika wa umbo dogo asiuguse kwa kanuni za 2014, atarusha dadu mbili za kulenga na kuchukua ya chini.

Meza yenu ikitumia kitabu cha 2024, mpiganaji anapata umahiri wa silaha: upanga mkubwa unajeruhi kidogo hata ukikosa, upanga mrefu unamvurugia adui shambulio lake linalofuata. Hata hapo naona ngao na upanga mrefu vinaendana.

Na aliyesema hapo juu kwamba upanga mkubwa "una kilo kumi, si wa binadamu", kitabu kinasema ratili 6, hata kilo 3 haufiki.

Mimi mwizi wangu niliishia kumnunulia repia. Nilikuwa na dhahabu 11, nyingine 14 nikamkopa kuhani wetu. Anajua bado sijalipa, na ndiyo maana kila nikianguka ananiuliza deni kwanza.