Jibu: Sushisamba ya London, tumpeleke shemeji au tuache?
Mkuu, umeuliza kama inafaa kumpeleka mkeo mgahawa wa Sushisamba pale kwenye jengo refu la Heron Tower, London, wakati samaki mbichi hataki hata kumwona. Mpeleke. Lifti tu ni tukio: ya kioo, inapanda kwa nje hadi ghorofa ya 38. Mimi masikio yaliziba, wangu alining'ang'ania mkono mpaka mlango ulipofunguka. Ombeni meza ya dirishani na mfike jua halijazama.

Msosi ni wa Kijapani uliochanganyika na wa Peru na Brazil, na mchanganyiko huo si wa juzi: Wajapani walianza kuhamia Peru 1899 na Brazil 1908, wakazoea ndimu na pilipili za huko. Shemeji aanze na anticucho, ambayo ni mishkaki kabisa, ya Kiperu. Ceviche haipiti motoni, ila ndimu humfanya samaki akaze na kuwa mweupe kama aliyechemshwa; juu yake vitunguu vyekundu vyembamba, utadhani kachumbari. Aonje kijiko kimoja aamue mwenyewe.

Sahani ni ndogo, za kuchangia, na hapo ndipo pochi inapotoboka: unaagiza ya tano na njaa bado ipo. Kama hamtumii pombe, muulizeni mhudumu kuhusu mirin, maana ni mvinyo wa mchele na huingia kwenye sosi nyingi za Kijapani. Bili nayo isome vizuri. London mara nyingi asilimia ya huduma huwa imeshawekwa, usije ukatoa bakshishi mara mbili.