Mtoe dume bandani leo. Uamuzi wa watoto una wiki nane

Mtoe huyo sungura dume bandani kabla hujamaliza kusoma haya. Umeeleza kwamba jike wako, ambaye uliuziwa pamoja na mwenzake kama "ndugu wawili wa kike", amezaa watoto sita juzi alfajiri bila wewe kutarajia. Umeuliza kama uwalee wote au uwagawe, kama wanao wanaruhusiwa kuwashika, kama uwape maziwa ya ng'ombe kwa sababu humwoni mama yao akinyonyesha, banda liwe na ukubwa gani, na umjibu nini jirani aliyekwisha kuomba wawili wa kitoweo. Katikati ya maswali yote hayo umeandika sentensi moja iliyonifanya niweke kikombe cha chai chini: "Dume ametulia, amelala karibu na kiota, naona anawalinda wanawe." Dada yangu, halindi chochote. Anasubiri zamu yake, na kwa jinsi ninavyowajua viumbe hao, huenda zamu yenyewe imekwisha kupita.

Sungura jike hana siku maalumu za joto kama ng'ombe au mbuzi. Mayai yake hushuka baada ya kupandwa, yapata saa kumi baada ya tendo lenyewe, na kuzaa hakumpi likizo yoyote. Anaweza kupandwa siku ileile aliyojifungua, saa chache tu baada ya mtoto wa mwisho kutoka, akashika mimba nyingine huku akinyonyesha. Mimba hiyo huchukua siku 31, ikipungua au kuzidi siku moja au mbili. Kwa hiyo swali la kubaki na watoto au kuwagawa, ambalo ndilo lililokufanya uandike, una wiki nane za kulifikiria, kwa kuwa kabla ya umri huo si vema watoto waende kwa watu. Swali la dume lilikuwa na saa chache, nazo umezitumia kumpiga picha.

Usinione mkali. Mwaka 2019, nikiwa naishi Tabata, Dar es Salaam, wanangu walinililia sungura kwa muda mrefu hadi nikanunua wawili kwa muuzaji wa kando ya barabara. Alimbinua mmoja, akamtazama kwa muda usiotosha hata kuthibitisha kwamba ni sungura, akatangaza kwamba wote ni majike matupu na kwamba sitapata usumbufu. Wa pili hakumbinua kabisa. Nakubali kwamba jinsi ya sungura wa miezi miwili ni ngumu kutambua, kwa sababu korodani za dume huanza kuonekana akiwa na wiki kumi hadi kumi na mbili, na hata baada ya hapo akiogopa anaweza kuzivuta zikaingia tumboni. Nisichokubali ni mtu mzima kuapa kwa jina la mama yake juu ya kitu ambacho hakukitazama, kisha akapokea pesa na kunitakia baraka.

Watoto waliwapa majina, Pamba na Kashata. Baada ya miezi minne hivi Pamba akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifua na tumbo, akiyarundika pembeni mwa banda, nami nikaamua kwa ujasiri wa mtu asiyejua kwamba ameshikwa na ukurutu. Nilikwenda kununua dawa. Niliporudi nikiwa na chupa mkononi, nilikuta ndani ya yale manyoya viumbe sita vyekundu, visivyo na unyoya hata mmoja, macho yamefumba, wakifanana zaidi na panya kuliko na wazazi wao. Dawa hiyo bado ninayo. Muda wake umekwisha kupita, sawa na heshima yangu mbele ya wanangu kama mjuzi wa wanyama.

Hadi hapo hakukuwa na hasara yoyote, isipokuwa aibu. Hasara niliinunua kwa simu moja niliyompigia muuzaji wa duka la dawa za mifugo, mtu ambaye kila mtu mtaani alimwita daktari na yeye mwenyewe hakuwahi kukanusha. Nilimuuliza kama nimtoe Kashata, ambaye sasa udume wake ulikuwa hauhitaji ushahidi mwingine. Alinijibu kwa sauti ya utulivu kwamba jike anayenyonyesha hashiki mimba, na kwamba nikimtoa dume watoto watakufa kwa baridi, kwani ndiye anayewapasha joto usiku. Hakuna hata neno moja la kweli katika jibu hilo. Mama mwenyewe hakai kiotani. Huwaendea watoto mara moja au mbili kwa siku, aghalabu usiku au alfajiri, huwanyonyesha kwa dakika tatu hadi tano, kisha huondoka zake. Joto lao linatokana na manyoya aliyojinyonyoa na namna wanavyolundikana. Dume hana mchango wowote katika shughuli hiyo. Hata hivyo nilimshukuru yule bwana, nikanunua na mfuko wa pumba dukani kwake ili asione nimemsumbua bure.

Siku 31 baadaye, Pamba alizaa wengine saba katika sanduku lilelile ambamo wale sita wa kwanza, sasa wakubwa wenye manyoya na miguu yenye nguvu, walikuwa bado wanalala. Sijui kama unaweza kupiga picha ya jambo hilo akilini. Wakubwa walipomwona mama anaingia kiotani walimfuata kutafuta chuchu, wakawakanyaga wachanga, wakawasukuma pembeni, na wengine wakawatupa nje kwenye sakafu ya wavu. Sungura mchanga akitoka kiotani hawezi kurudi mwenyewe, na mama hambebi mtoto kwa mdomo kama paka afanyavyo. Akilala nje usiku mmoja, hata katika joto la Dar es Salaam, hupoa na kufa. Kufikia siku ya tatu walikuwa wamekufa wanne. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka minane, alikuwa akienda kuwahesabu kila asubuhi kabla ya kupanda basi la shule, na asubuhi ya tatu aliniuliza kwa nini sikujenga chumba kingine. Nilimjibu kwamba tungeongea jioni. Pamba naye alikuwa amekonda, mgongo wake ukihesabika pingili kwa pingili, kwa sababu mwili mmoja ulikuwa umelea mimba na kunyonyesha kwa wakati mmoja kwa mwezi mzima.

Utadhani nilikuwa nimejifunza. Siku aliyozaa mara ya pili nilimtoa Kashata kweli, lakini nilimtoa jioni, nilipotoka kazini, wakati Pamba alikuwa amejifungua alfajiri. Nilimweka katika kreti la soda, nikajipongeza, nikamweleza mke wangu kwamba sasa mambo yamedhibitiwa. Mke wangu, ambaye amekulia katika nyumba ya wafugaji wa mbuzi na hana mazoea ya kubishana, alichukua kalamu akahesabu siku 31 kwenye kalenda ya ukutani na kuzungushia tarehe duara. Tarehe hiyo Pamba alizaa watano. Hapo nilikuwa na sungura kumi na sita katika ua uliokusudiwa wawili, vizimba vitatu vipya nilivyomlipa seremala kwa awamu, na ratiba ya kukata nyasi bonde la Msimbazi kila alfajiri nikiwa nimekwisha kuvaa tai ya kazini.

Kwa hali yako, hesabu siku kuanzia siku aliyozaa, si kuanzia leo, na chukulia kwamba amekwisha kushika mimba hadi itakapothibitika vinginevyo. Ikifika siku ya 28 uwe umeandaa sanduku jipya lenye nyasi kavu, na wale sita wa sasa wawe katika kizimba chao wenyewe. Wakati huo watakuwa na wiki nne, watakuwa wamekwisha kuzoea kula nyasi na chakula cha punje, na ingawa si umri ambao ningeuchagua kuwaachisha kunyonya, ni heri hivyo kuliko kuwaacha juu ya migongo ya wadogo zao. Usiwabadilishie chakula ghafla katika siku hizo, maana kuhara huwaua haraka kuliko kitu kingine chochote. Kama hakushika mimba, warudishe kwa mama yao, na unidai soda.

Usiseme utamhasi dume ukaridhika. Afisa mifugo wa kata, ambaye ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia ukweli katika sakata hili lote, alinieleza kwamba dume aliyehasiwa anaweza kuendelea kutia mimba kwa wiki nne hadi sita baada ya upasuaji. Muda wote huo akae peke yake. Na usimwamini mtu yeyote atakayekutajia jinsi ya sungura bila kumbinua mbele ya macho yako, pamoja na mimi. Mlaze sungura chali mapajani, bonyeza taratibu kando ya uke au uume kwa vidole viwili: dume hutokeza kijibomba chenye tundu la mviringo, jike huonesha mfereji ulioelekea mkiani. Wabinue wale sita wakiwa na wiki nane, rudia wakiwa na wiki kumi, na wasifikishe wiki kumi na mbili wakiwa wamechanganyika, kwa sababu madume wa mbegu ndogo huweza kupanda wakiwa na miezi mitatu na nusu, nao hawatambui dada wala mama.

Kuhusu kuwashika, wanao wanawe mikono, wajipake harufu ya nyasi za kiota, kisha wawashike kwa muda mfupi. Ile hadithi ya mama kuwakataa watoto kwa harufu ya binadamu haina msingi kwa sungura aliyewazoea watu. Maziwa ya ng'ombe usiwape. Watazame asubuhi, na ukiona matumbo ya mviringo yaliyojaa, ujue wamenyonya wakati wewe umelala. Ukiona ngozi imekunjamana na miili ya baridi, ndipo umtafute daktari wa mifugo, nami nasisitiza daktari, si mwenye duka.

Kuhusu jirani na kitoweo chake, sina jibu la kukufaa. Wangu walikuwa wamekwisha kupewa majina kumi na sita, na nilijaribu mara moja kumtazama aliyeitwa Mwalimu kwa jicho la mchuzi nikashindwa. Kumi nilimpa mfugaji mmoja wa Kibaha bila kumuuliza atawafanyia nini, na swali hilo sijamuuliza hadi leo. Tulibaki na Pamba na binti zake wanne, wote wamebinuliwa na watu watatu tofauti kwa nyakati tofauti.

Kashata anaishi kwa shemeji yangu, katika banda la peke yake, kati ya kuku. Wiki iliyopita shemeji alinipigia simu akasema sungura anaonekana mpweke siku hizi, akaniuliza kama ninaye jike mmoja tu wa kumliwaza. Nilimwambia mtandao unakatakata, nikakata simu.