Didot ya mlazo kupotea kwenye kadi

Mkuu umeuliza kama ni printa inayofanya maandishi ya kadi yako ya harusi yapotee, hapana, printa haina kosa, shida ni saizi, hiyo fonti ya Didot ya mlazo (italiki, herufi zilizolala upande) umeiweka pointi 9 na mistari yake myembamba ni kama unywele, ile minene ya herufi n inabaki ila kijistari kinachoiunganisha kinazibwa na wino, hasa maandishi meupe juu ya maruni kama hapo kwako. Ndo maana mchora fonti Jonathan Hoefler alipochora HTF Didot, toleo lake la Didot, kwa ajili ya jarida la Harper's Bazaar mwanzoni mwa miaka ya 90 alitoa saizi saba tofauti, kuanzia ya pointi 6 mpaka ya 96, za chini mistari imenenepeshwa. Majina ya maharusi yaache hivyo hivyo, kwa ukubwa ule inapendeza balaa, ila ukumbi, saa na namba za simu weka fonti nyingine ya kawaida tu. Na kama huna faili lenyewe la mlazo usibonyeze kile kitufe cha I cha kulaza herufi, programu itaipinda tu ile iliyosimama, wakati kwenye mlazo halisi hata herufi a inachorwa upya, haina kale kakofia juu.