Nilijua majibu yote, nikaubusu mkono wa nyanya

Machi 2020, vyuo vilipofungwa, nilikuwa mwaka wa nne wa udaktari huko bara. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Ijumaa ya tarehe 13. Wiki iliyofuata nikafunga begi, nikashuka Mombasa kwa treni, behewa limejaa wanafunzi wenzangu, barakoa za kuhesabu, kelele tele. Njia nzima mimi ndiye mwalimu. Kijana aliyekaa mbele yangu akauliza mtu hukaa na virusi siku ngapi kabla ya kuanza kuumwa. Siku 2 hadi 14, nikamwambia, na wengi ni kama siku ya 5. Akatikisa kichwa kwa heshima. Nikajiona.

Nyumbani kwetu ni Kibokoni, Mji wa Kale. Nilipofika nyanya keshasimama mlangoni. Nikavua viatu, nikamwamkia shikamoo, nikauchukua mkono wake nikaubusu, kisha nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote. Nyanya ana sukari na presha, na umri wake mwaka ule ulikuwa 78. Mimi nimetoka Nairobi, nimekaa zaidi ya saa 5 ndani ya behewa na watu nisiowajua. Hayakutokea mabaya, alhamdulillahi. Lakini usiku ule nilihesabu siku kwa vidole, 2 hadi 14, na mara hii hesabu haikuwa ya mtihani.

Siku hizo hizo ndipo simu zetu zilipojaa fomu za utafiti. Kila kundi la wanafunzi lilitumiwa dodoso: ujuzi wako kuhusu korona, mtazamo wako, mwenendo wako. Sehemu ya ujuzi niliimaliza huku natafuna mabuyu. Mwisho kukawa na swali: uko tayari kujitolea kuhudumu wakati wa janga? Nikabonyeza "nakubali kabisa", nimelala kitandani, feni juu yangu. Julai nilipopigiwa simu kweli, kuombwa niungane na wanaowafuatilia waliokaribiana na wagonjwa nyumba kwa nyumba, nilisema wacha kwanza niongee na mama. Nikakaa siku 4 kabla ya kujibu.

Kwa hivyo nikisoma tafiti za namna hii zinazosema wanafunzi wa udaktari wana ujuzi wa kutosha na mtazamo mzuri, la ujuzi naliamini. La mtazamo, mtafiti angekuja kusimama mlangoni kwa nyanya.

Nayasema haya sasa kwa sababu wadogo zangu walioko vyuoni wananiuliza. Tangu mpox itangazwe nchini Julai 2024, kwa msafiri aliyegunduliwa mpakani Taita Taveta, maswali yamerudi yale yale. Na Mombasa ni bandari. Chikungunya tumeipata, dengi tumeipata, kipindupindu hakituachi. Janga jingine litakukuta bado mwanafunzi, na mtaa mzima utakuita daktari kabla chuo hakijakuita hivyo.

Cha kwanza nitakachokwambia kimenigharimu aibu. Pale barazani karibu na kwetu hukaa ami mmoja, jirani, mwenye kibanda Marikiti. Alinisimamisha Aprili ile: "Daktari, nasikia klorokwini inatibu hii korona. Ile iliyokuwa ikituwasha mwili mzima zamani, tukitibiwa malaria?" Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikamweleza kuwa kuna watafiti Ufaransa wameijaribu dawa iliyo dada yake klorokwini, haidroksiklorokwini, na kuna matumaini. Utafiti wenyewe ulikuwa wa watu wachache mno, na hilo nililijua, ila sikulisema. Ami akazunguka maduka ya dawa hadi akaipata, kwa bei ya kukatisha tamaa, akaiweka kabatini tayari.

Tarehe 5 Juni, jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY likatangaza kuwa dawa ile haiwasaidii waliolazwa. Siku 11 baadaye jaribio hilo hilo likaja na deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi, ya bei rahisi, iliyomo hospitalini miaka mingi: ilipunguza vifo kwa thuluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na haikuwafaa wasiohitaji oksijeni. Mimi huyo huyo nilikuwa nimemwambia binamu yangu kuwa steroidi kwa korona ni kosa. Barakoa nazo, Machi nilimwambia mama kuwa asiye mgonjwa hana haja nayo, kwa sababu ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyokuwa likisema. Juni likabadilisha ushauri.

Nilikwenda kwa ami nikamweleza. Hakukasirika. Akasema tu, "Sasa mwanangu, ungalisema tangu mwanzo hujui, pesa ile ningalinunua samaki changu tukala."

Nunua kijitabu kidogo. Kila ushauri unaompa mtu nje ya hospitali uandike pamoja na tarehe na jina la uliyemwambia. Ukimwambia, anza hivi: leo tunajua hivi. Mambo yakibadilika, fungua kijitabu, rudi kwa kila mmoja. Changu kina majina 31 ya mwaka ule, na kwa 9 kati yao ilibidi nirudi na habari nyingine. Kurudi mara ya kwanza ni kugumu. Mara ya pili watu wenyewe wanakungoja, wanauliza, haya, leo mnajua nini?

La pili ni la kujifukiza, na hapa nitakaa kidogo.

Nyanya alikuwa akichemsha mwarobaini na mchaichai, anaweka sufuria chini, anajifunika leso mbili, anavuta mvuke. Siku ya kwanza nilipomkuta nilicheka. Sikucheka sana, ni ile pumzi ya puani tu, ya msomi. Nikamwambia mvuke hauui virusi. Ni kweli, hauui. Lakini wiki mbili baadaye alikohoa siku mbili nzima chumbani kwake bila kuniambia. Aliyenifahamisha ni msichana wa kazi. Nilipomuuliza nyanya mbona kanificha, alijibu huku anatafuta tasbihi yake, "Wewe mambo yetu si unayacheka."

Kilikuwa kikohozi cha kawaida, kikaisha. Lakini hebu fikiria kingekuwa kile kingine. Chuoni tulifundishwa kuchukua historia ya mgonjwa, tukapewa na alama. Nami kwa kicheko kimoja nikaikosa historia ya mtu ninayeishi naye nyumba moja. Nikaomba radhi. Tukapatana: sufuria ikae sakafuni isipakatwe, watoto wasiwe karibu, maana kuungua kwa mvuke ni kubaya, na akisikia pumzi fupi aniite hata kama ni saa 8 usiku. Mwarobaini wake sikuugusa.

La tatu ni la piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba vidole. Mei 6 Mji wa Kale ulifungwa, hakuna kuingia wala kutoka hadi mwanzoni mwa Juni. Idi ikatukuta humo humo, tarehe 24. Mjomba alikuwa na kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, na usiku wa Idi jirani mmoja akaniita, mamake anahema. Nikabana kidole cha shahada: hakuna namba. Cha kati: 81, kisha ikapotea. Moyo ukanipaa. Kumbe bibi yule kapakwa piko kwa ajili ya sikukuu, ncha zote za vidole nyeusi tititi, na kipimo kile hufanya kazi kwa kupitisha mwanga kidoleni. Kitabu changu kiliandika rangi ya kucha kwa mstari mmoja. Piko hakikuitaja. Nikambana ndewe ya sikio, haikushika vizuri. Dole gumba la mguu, ambalo halikupakwa, likatoa 96, namba ya kawaida. Alikuwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta imemwishia. Kwa hiyo yale ya kitabuni yapitishe kwanza kwa watu wa kwenu, uone yanakwama wapi, kabla hujaitwa usiku.

Mavazi ya kujikinga sitayasema sana. Kuyavaa mtafundishwa na mtapigwa picha. Jizoeze kuyavua, maana wengi hujichafua wakati wa kuvua, na kwa joto letu la Februari jasho likishaingia machoni mkono unakwenda usoni wenyewe.

Mwisho, zile siku 4 nilizokaa bila kujibu simu. Kwa muda mrefu niliziona ni woga. Sasa naona nilikuwa nikitafuta maswali ambayo sikujua kwamba ninaruhusiwa kuyauliza: nani atanisimamia, nikiugua nani atalipa, nitalala wapi nisimpelekee nyanya. Yaulize mapema, kwa mdomo na kwa maandishi, na ukijibiwa kwa hotuba ya wito na uzalendo, uliza tena. Kuna la kufanya hata leo pasipo janga lolote. Wamo kati yenu wanaoingia wodini hawajachanjwa homa ya ini aina ya B, inayoambukizwa kwa damu, na sindano iliyomchoma mgonjwa inaweza kukuchoma wewe wiki ya kwanza tu. Ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa 6. Uliza kliniki ya chuo Jumatatu asubuhi, na kadi uipige picha uihifadhi, kwa sababu hupotea.