Chumvi ya kawaida haitoshi

Umeuliza kama maji ya chumvi ya kawaida yanatosha kutenganisha chembe za plastiki na mchanga wa ufukweni. Kwa polithini ya mifuko, ndiyo, itaelea. Lakini maji yaliyokolea chumvi kabisa yana takriban gramu 1.2 kwa sentimita moja ya ujazo, na plastiki ya chupa za maji, PET, ina karibu 1.38. Hiyo itabaki chini na mchanga, nawe utaandika kwamba ufukwe ni safi! Tumia zinki kloridi, chumvi ya madini ya zinki, iliyoyeyushwa majini hadi kufikia gramu 1.5 au zaidi kwa ujazo huohuo, ila ni sumu: vaa glavu, ichuje uitumie tena, usiimwage. Na tafadhali, weka mezani sahani yenye maji yaliyochujwa muda wote unapofanya kazi. Nyuzi za nguo zako zitadondokea humo, zihesabu, ili usije ukazidhania kuwa zimetoka ufukweni.