Kuhusu maonyesho ya Hamm, Ujerumani
Umeuliza kama maonyesho ya reptilia ya Hamm yanamfaa mpenzi wa kobe. Yanamfaa sana, ingawa meza nyingi ni za nyoka na mijusi. Kabla ya kununua kobe wa Hermann, kobe mdogo wa nchi kavu wa kusini mwa Ulaya, dai cheti chake cha Umoja wa Ulaya kinachoruhusu auzwe, na kama kina picha za gamba, zilinganishe na mnyama aliye mbele yako, hasa mishono ya gamba la tumboni, ambayo hutofautiana kwa kila kobe. Puani pasiwe na kamasi wala mapovu. Kuhusu kobe bapa wa miambani wa Kenya na Tanzania, aliyepandishwa mwaka 2019 hadi Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye ulinzi mkali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, naomba uulize kwa makini alikozaliwa, kwa kuwa wengi walichukuliwa porini kwetu, jambo linaloniumiza mno.