Bia ikianza kufura usiibane, ipe njia

Juzi dada mmoja anayejipikia bia nyumbani kaniandikia usiku wa manane: "Kaka, povu limepanda mpaka kwenye kile kidude cha kutolea hewa juu ya mfuniko, nifanyeje?" Nimeisoma ile meseji moyo ukanidunda, maana najua usiku kama ule.

Kwa msionijua, mimi mtu wa Kibosho, Kilimanjaro, naishi Leicester, na hapa Uingereza kujitengenezea bia ya kunywa nyumbani ni ruksa bila leseni tangu 1963, ilimradi huuzi. Januari mwaka jana nilitaka kupeleka bia ya ngano ya mkono wangu kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki. Ndoo ya lita 25 nikajaza lita 23, mfuniko nikaugandamiza mpaka ukalia ta!, hamira ndani, hita nikaiacha inawaka sababu ya baridi. Kesho yake kidude kinabwatabwata, nikaenda shifti ya usiku roho kwatu. Saa nane mke wangu ananipigia analia. Vipande vya hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu, vilipanda na povu vikaziba kile kitundu, hewa ikakosa pa kutokea, mfuniko ukaruka mpaka dari. Mpaka leo nikifunga macho naliona lile povu la kahawia linavyochuruzika ukutani, limeganda juu ya swichi ya taa. Mwenye nyumba alinikata hela ya rangi. Lakini kilichoniuma zaidi ni kule ubatizoni, mtu mzima akasimama mbele za watu akasema "Mchaga gani hajui pombe". Sijasahau.

Sasa nisikilizeni. Kufura sio ugonjwa, ni hamira inakula sukari, inatoa hewa na joto, na siku mbili tatu za mwanzo ndo inafanya fujo hasa. Tatizo ni nafasi na njia. Ndoo ya lita 25 usizidishe lita 18, hasa bia ya ngano, hamira yake ina povu balaa. Na kile kidude kiweke kabatini kwanza, kwenye tundu lake chomeka bomba la mpira nene kama kidole gumba, ncha ya pili izame kwenye jagi la maji yenye dawa ya kusafishia vyombo vya pombe. Povu litoke litakavyo, likishatulia ndo unarudisha kidude.

Halafu joto, hapa wengi hamsikii. Bia ikichachuka inaweza kuwa ya moto kuliko chumba kwa nyuzi 3 hata 5, kwahiyo chumba kikiwa 22 mwenzako ndani anakimbilia 26. Mimi naweka ndoo kwenye beseni la maji, naivisha tisheti iliyolowa, chupa za barafu asubuhi na jioni, nashikilia 18 au 19 mpaka fujo iishe.

Bibi yangu alipika mbege, pombe yetu Wachaga, maisha yake yote, ndizi, ulezi na gome la msesewe, na sikuwahi kuona pipa lake limebanwa. Jani la mgomba juu, shubiri nzima imeachwa wazi. Mimi nilikuwa mtoto nachezea pale pale na sikumuuliza kwanini, na hilo linaniuma kuliko hela ya rangi.

Na msiwe na haraka ya kutia kwenye chupa jamani. Haidromita, kile kipimo cha kuonyesha sukari iliyobaki, isome namba ile ile siku tatu mfululizo, kama bado inashuka acha, chupa ikipasuka vioo vinaruka machoni na una watoto ndani.

Yule dada nilimwambia afunike ndoo kwa taulo bichi, uso aweke mbali, alegeze mfuniko upande mmoja polepole. Hewa ikatoka fyuuu dakika nzima. Jana kanitumia video, mpira umekaa, jagi linabubujika, dari lake jeupe. Na ndoo yangu mimi, ya saba tangu ile, iko chini ya ngazi imetulia, hakuna hata tone sakafuni.